Miguu Inatetemeka, Kipaza Sauti Kinangoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hofu ya Kusema Mbele za Watu

Maswali haya nimeyaokota kwa watu niliokaa nao: wanafunzi wa klabu ya mdahalo ninayoilea, wazazi wao, wajumbe wa kamati za harusi, na kaka mmoja aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu baba yake akanipigia simu saa tano usiku. Sehemu kubwa inahusu ubongo, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba mtu akishajua kinachoendelea ndani ya mwili wake hupunguza kujilaumu. Mimi si daktari. Ni mwalimu, na mwoga mzoefu.

Kwa nini mwili wangu unafanya kana kwamba nimekutana na chui, wakati mbele yangu wamekaa shangazi na wajomba?

Kwa sababu sehemu ya ubongo inayopiga kengele haingoji ujue ni nani aliyekaa mbele yako. Ndani kabisa ya kichwa, usawa wa masikio, kuna vifundo viwili vidogo, kimoja kila upande, vyenye umbo la lozi. Vinaitwa amigdala, na hilo jina lenyewe ni lozi kwa Kigiriki. Joseph LeDoux, mtafiti wa New York aliyetumia miaka mingi na panya wa maabara, alionyesha kwamba sauti ya hatari hufika kwenye amigdala kwa njia mbili. Moja ni ndefu, inapitia gamba la juu la ubongo, mahali pa kupambanua mambo. Nyingine ni ya mkato, inafika mapema ikiwa na habari nusu nusu. Kwa lugha yetu tungesema aligundua njia ya panya ndani ya panya.

Kengele ikishalia, ubongo hutuma ujumbe kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizo humwaga adrenalini, na ndani ya sekunde chache moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na damu inaondoka kwenye ngozi na tumbo kwenda kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Mwanafiziolojia wa Harvard, Walter Cannon, ndiye aliyeueleza utaratibu huu mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Tatizo ni kwamba kwenye harusi ya binamu yako huwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Umepewa nguvu za kumkimbia chui, na kazi uliyopewa ni kusimama wima na kusema "ndugu wageni waalikwa".

Baadaye kidogo inafuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo hupanda taratibu na kufika kileleni dakika 20 hadi 30 tangu shida ianze. Ndiyo maana unaweza kuwa umeshakaa kitini, umeshapigiwa makofi, na soda imeshafunguliwa, lakini mwili bado haujarudi.

Mikono baridi, kinywa kikavu, sauti inayokatika, tumbo la kuhara. Vyote hivyo vinatoka wapi?

Vinatoka kwenye chanzo hicho hicho. Mikono inapoa kwa kuwa mishipa midogo ya damu kwenye ngozi imebanwa. Mate yanapungua kwa sababu mwili uliojiandaa kukimbia hauna haja ya kumeng'enya chakula, na tumbo linavurugika kwa sababu hiyo hiyo. Sauti inakatika kwa kuwa misuli ya koo imekaza na pumzi iko juu juu kifuani, hivyo hewa haitoshi kusukuma sentensi hadi mwisho. Magoti yanatetemeka kwa kuwa misuli imeshajazwa nguvu na haina pa kuzipeleka. Kutembea hatua mbili tatu jukwaani kunasaidia kweli. Kushika meza kwa nguvu hakusaidii, kunaitikisa meza.

Lakini macho ya watu hayaumi. Ubongo unaogopa nini hasa?

Unaogopa kuhukumiwa. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba binadamu ameishi kwa kutegemea kundi lake muda mrefu mno, na aliyetengwa na kundi hakuishi sana. Kwa hiyo jicho la watu wengi wanaokupima linaingia kwenye daftari moja na hatari za mwili.

Ushahidi mzuri unatoka Ujerumani. Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier walichapisha jaribio ambalo hadi leo maabara nyingi duniani hulitumia zikitaka kumtia mtu msukosuko wa akili bila kumgusa. Unapewa dakika chache za kujiandaa, kisha unasimama mbele ya jopo na kuzungumza dakika 5 kama mtu anayeomba kazi. Ukimaliza, unapewa hesabu ya kichwa: anza na 1022, toa 13, toa 13 tena, endelea. Ukikosea unaambiwa urudi 1022. Wanajopo wamefundishwa wasitabasamu wala kutikisa kichwa, wakutazame tu. Kotisoli kwenye mate ya washiriki hupanda mara 2 hadi 4 ya kiwango cha kawaida.

Mimi lililonishika hapo si hesabu, ni zile nyuso. Waliotaka kutengeneza hofu waliondoa tabasamu. Ukiwa hadhira siku moja, mtikisie kichwa anayezungumza, hata kama hotuba ni mbovu.

Basi zile salamu zetu ndefu si kupoteza muda tu?

Kwa mwenye njaa anayengoja pilau, ndiyo. Kwa mzungumzaji ni dawa iliyojificha, na naona hatuithamini. Mapigo ya moyo ya mtu anayehutubia huwa juu zaidi mwanzoni, dakika ya kwanza hivi, kisha huanza kushuka yenyewe. Sasa angalia sisi dakika ile ya kwanza tunaifanyia nini. Unasema "Assalaam aleykum", ukumbi unajibu. Unasema "Bwana Yesu asifiwe", unapata "Amina". Unasema "Hamjambo", watoto wanakurudishia kwa nguvu hadi bati linalia. Umetumia maneno usiyoweza kuyasahau, umepata muda wa kuvuta pumzi wakati wao wanajibu, na zile nyuso zilizokuwa zimenuna zimekufungukia. Ni kinyume kabisa cha lile jopo la Trier.

Salamu iendee polepole. Wengi wanaitupa kama wanaodaiwa, halafu wanaingia kwenye hoja ya kwanza moyo ukiwa bado unapiga ngoma.

Mtego uko kwenye orodha ya wakubwa. Mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, baba paroko, mwenyekiti wa kijiji: ukianza kuwataja kwa kichwa, ni lazima utamruka mmoja, na ni yule atakayekumbuka. Waandike. Usipokuwa na orodha ya uhakika, "itifaki imezingatiwa" iliumbwa kwa ajili yako.

Kwa nini nasahau kila kitu, hata nilichokariri wiki nzima?

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ni kama meza ya kazi. Hapo ndipo unaposhikilia sentensi unayoisema, inayofuata, na kule unakotaka kufika. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake wameonyesha kwamba kemikali za msukosuko zikizidi, meza hiyo ndiyo ya kwanza kudhoofika, huku sehemu za ndani zenye mambo ya mazoea zikishika usukani. Kidogo tu cha kemikali hizo kinakuchangamsha. Zikifurika, meza inapinduka.

Kwa hiyo kukariri neno kwa neno ni hatari. Hotuba iliyokaririwa ni kama shanga kwenye uzi mmoja: neno moja likikatika, zote ziko sakafuni. Wanafunzi wangu nawaambia wakariri sentensi mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Katikati wawe na vituo vitatu au vinne vilivyoandikwa kwa herufi kubwa. Ukipotea, tazama kituo kinachofuata na uende hapo. Hadhira haina nakala ya hotuba yako, haijui umeruka nini.

Ukikwama kabisa, nyamaza. Sekunde tatu za kimya kwako ni mwaka mzima, kwao ni mtu anayefikiri.

Watu wanaona ninavyotetemeka?

Kidogo kuliko unavyodhani. Mwaka babu yangu alipofariki nilisoma wasifu wake pale uani nyumbani. Nilikuwa na karatasi moja nyepesi, nimeishika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulishika maiki. Nilipofika "alizaliwa", karatasi ikaanza kulia, trrrr, kama bawa la panzi. Maiki ikaidaka sauti ile na kuipeleka hadi kwa akina mama waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba. Nilitamani nitangulie kaburini kabla ya babu. Jioni nikamuuliza shangazi kama aliisikia. Akasema, "Baba, si ulikuwa upepo ule?"

Wanasaikolojia wa Marekani Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilipima jambo hili mwaka 2003. Waliozungumza walijiona wana wasiwasi unaoonekana wazi, waliowatazama hawakuuona kwa kiasi hicho. Zaidi ya hapo, waliodokezwa mapema kwamba hofu yao haionekani sana kwa nje walizungumza vizuri kuliko ambao hawakuambiwa kitu. Yaani kujua tu kulisaidia, na sasa nawe umejua.

Pamoja na hayo, karatasi nyepesi sishiki tena. Nabandika maandishi yangu juu ya jalada gumu la daftari. Mkono unatetemeka vilevile, lakini jalada halisemi.

Kwa Kiswahili siogopi. Ikifika Kiingereza, hasa kwenye usaili, natoka jasho jembamba. Nina kasoro?

Huna. Rudi kwenye ile meza ya kazi. Kutafuta maneno ya lugha usiyoizoea kunachukua nafasi kubwa ya meza, na hofu nayo imeshaikata nusu. Anayezungumza lugha yake anatafuta hoja tu. Wewe unatafuta hoja, neno, wakati wa kitenzi, na pia unasikiliza kama kuna aliyecheka.

Hilo la kucheka tusilipite. Wengi wetu tuliingia sekondari tukitoka kwenye shule ya msingi ya Kiswahili, na mara ya kwanza kusimama darasani kwa Kiingereza kulikwenda na kicheko cha darasa zima. Kwengine mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Amigdala hujifunza kwa haraka na huweka kumbukumbu kwa muda mrefu. Miaka ishirini baadaye umekaa mbele ya jopo la watu wastaarabu, na mwili unakumbuka kile kicheko.

Kinachosaidia ni kusema kwa sauti, si kusoma kimyakimya. Chukua maswali matano ambayo usaili wowote huuliza, ujibu kwa mdomo, umesimama, ukitumia sentensi fupi. Mwombe mtu akae mbele yako bila kutabasamu. Na jopo likikuruhusu kuchanganya lugha, changanya bila kuomba radhi mara tatu.

Nivute pumzi ndefu?

Vuta kawaida, toa ndefu. Ukitoa pumzi, neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni hupunguza kasi ya mapigo, ukivuta, kasi huongezeka. Unaweza kujipima sasa hivi kwa kidole kwenye kifundo cha mkono. Hesabu hadi nne ukivuta, hadi sita au saba ukitoa, mara tano, ukiwa bado umekaa. Kuvuta makubwa makubwa kwa haraka kunakuongezea kizunguzungu.

Nijiambie "tulia, tulia"?

Ubongo haukubali uongo wa namna hiyo wakati moyo unapiga kama ngoma. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014 ambapo watu waliokaribia kuhutubia waliambiwa wengine wajiambie wametulia, wengine wajiambie wamesisimka, wana hamu ya kuanza. Kundi la pili lilipimwa kuwa lilizungumza kwa ushawishi na umahiri zaidi. Hofu na hamu zote huja na moyo wa mbio, hivyo kutoka moja kwenda nyingine ni safari fupi. Wachezaji wa mpira wakiwa kwenye korido ya kuingilia uwanjani wanahisi hivyo hivyo, na hawasemi wanaumwa.

Ni kweli watu wanaogopa kuhutubia kuliko kufa?

Utalisikia hilo kwenye kila semina. Chanzo chake ni kura ya maoni ya Marekani ya mwaka 1973, ambapo asilimia 41 walitaja kuzungumza mbele za watu na asilimia 19 wakataja kifo. Lakini waliulizwa wataje vitu wanavyoviogopa, hawakuambiwa wachague kimoja dhidi ya kingine. Sijawahi kuona MC aliyeombwa kuchagua akachagua jeneza.

Nikiondolewa amigdala, nitaacha kuogopa?

Swali hili la mwanafunzi wa kidato cha pili nililipenda. Yupo mwanamke Mmarekani ambaye watafiti wanamtaja kwa herufi mbili tu, S.M., aliyeharibikiwa amigdala zote mbili kwa ugonjwa adimu. Nyoka na buibui hawamtishi. Lakini mwaka 2013 ilichapishwa taarifa kwamba alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, alishikwa na kiwewe kikubwa. Kwa hiyo hofu haina nyumba moja kichwani. Na asiyeogopa kitu hujikuta pabaya: mama huyo ameshawahi kutishiwa maisha zaidi ya mara moja. Usitamani.

Kuna kidonge? Na kakinywaji kadogo ka kutoa aibu?

Kidonge kipo. Propranolol ilitengenezwa miaka ya 1960 na James Black, Mskoti aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1988, kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. Huzuia adrenalini isiusukume moyo, na wanamuziki wengine huitumia kuzuia mikono kutetemeka. Haigusi wazo la hofu moja kwa moja, inagusa moyo na mikono. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na wenye matatizo fulani ya moyo hawaruhusiwi. Usipewe na jirani. Nenda kwa daktari.

Pombe nayo inapunguza hofu, sikatai. Inapunguza na ile meza ya kazi ambayo tayari iko mashakani. Kila mtu amewahi kukaa kwenye harusi akimsikiliza baba mdogo aliyekunywa ya kutoa aibu.

Bibi yangu anasema nimefungwa ulimi.

Mheshimu bibi, na kama dua inakutuliza, omba. Hata Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akapewa na ndugu yake Haruni wa kumsaidia. Ila usitoe pesa kwa anayekuambia kuna mtu amekuroga. Ulimi unaofungwa ukumbini tu na kufunguka kijiweni haujafungwa na mtu.

Kigugumizi ni jambo jingine, kinatokea hata nyumbani na kina wataalamu wake. Mfalme George VI wa Uingereza alikuwa nacho, na alianza kufundishwa na Lionel Logue, mtaalamu wa usemi, mwaka 1926.

Mwanangu hataki kunyoosha kidole darasani. Nimlazimishe?

Usimsukume jukwaani, na usimsemee kila mara. Ngonjera ni nzuri kwa watoto wa namna hii kwa sababu wanajibizana, hakuna anayebeba ukumbi peke yake. Kaswida za Maulidi na kwaya za watoto zinafanya kazi hiyo hiyo. Na nyumbani, akikosea neno mbele ya wageni, asichekwe.

Hofu hii itaisha?

Itapungua sana. Sikuahidi kuisha. Ubongo haufuti somo la zamani, unaandika jipya juu yake. Ivan Pavlov aliliona kwa mbwa wake: jibu walilofundishwa kuliacha lilirudi lenyewe baada ya mapumziko. Ndivyo ilivyo kwa mzungumzaji. Ukikaa mwaka bila kusimama, la zamani linachungulia tena.

Somo jipya linaandikwa kwa namna moja tu, nayo ni kubaki pale hadi mapigo yashuke. Ukikimbia dakika ya kwanza, mapigo yakiwa juu kabisa, ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Anza padogo: omba dua ya chakula, toa neno la shukrani kwenye kikoba, soma muhtasari wa kikao. Rudia wiki inayofuata.

Nimwone mtaalamu wakati gani?

Kama kwa miezi sita au zaidi umekuwa ukikwepa kazi, masomo au watu kwa sababu ya hofu hii, au inakushika hata ukila mbele za wengine au ukipiga simu, huo ni wasiwasi wa kijamii na unatibika. Tiba ya mazungumzo inayokurudisha kidogo kidogo kwenye unachokiogopa ina ushahidi mzuri. Uliza hospitali ya mkoa au ya rufaa kuhusu kitengo cha afya ya akili. Kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umelala, pimwa moyo kwanza.

Nazungumza Jumamosi. Leo ni Jumatano.

Leo andika vituo vyako vinne. Kesho sema hotuba yote kwa sauti, umesimama, ukitazama ukuta, kisha mbele ya mtu mmoja. Ijumaa irudie mara mbili, halafu iache. Jumamosi fika mapema, simama pale utakaposimama, jaribu maiki mwenyewe uisikie sauti yako kabla watu hawajajaa. Kunywa maji ya uvuguvugu, chai nyeusi ya tatu iache. Salimia wanaoingia mlangoni, watatu wanne, ili ukisimama uwe na nyuso za kuzitafuta. Maandishi yawe kwenye jalada gumu. Na simu yako izime, kwa sababu mama atapiga kuuliza kama umeshaanza.